Tangi la matumbawe la lita 200: mwongozo kwa anayeanza, kwa nyumba za Pwani

Mwongozo huu unahusu tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45, kimo sentimita 50, lenye tangi dogo la chini linalobeba maji lita 40 hivi. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yote yanakaribia lita 200, na vipimo vyote vya hapa chini vimepigwa kwa hesabu hiyo. Wengi hukimbilia tangi la lita 40 kwa sababu ya bei. Ubaya wake ni kwamba halisamehe: maji yakipungua lita mbili, chumvi imeshapanda, na samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe, maji yote yameoza.

Maelekezo mengi ya fani hii yaliandikwa kwa watu wa nchi za baridi, ambao hangaiko lao ni kupasha maji moto. Kwa anayekaa Tanga, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, mahangaiko ni mengine: joto la kaskazi, umeme unaokatika, bomba lisilo na msukumo, na dawa ya mbu. Hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Mahali na stendi

Tangi likijaa linapita kilo 300: maji 205, kioo cha milimita 10 kilo 44, mawe na mchanga 36 au zaidi, na stendi yenyewe. Sakafu ya zege ya chini haina neno. Ghorofani, liegemeze kwenye ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya chumba. Stendi ya chuma ipakwe rangi ya epoksi mara mbili, maana chumvi itaila. Pima kwa pimamaji pande zote kabla ya kioo kupanda, kisha tandika stairofomu ya sentimita moja kati ya kioo na ubao. Kaa mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na jiko.

Soketi ziwe juu kuliko tangi au pembeni, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Fundi afunge na swichi ya kukata umeme unaovuja.

Maji

Maji ya bomba yana klorini, na ya visima vya Pwani mara nyingi yana chumvi na nitrati. Unahitaji chujio la RO, yaani linalosukuma maji kupita utando mwembamba sana, la hatua nne: chujio la takataka la mikroni 5, mkaa wa kuchujia, utando wa RO, na mwisho resini ya DI inayonasa chumvi iliyobaki. Kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kwenye maji yanayotoka kisome 0. Kikianza kusoma 1 au 2, badilisha resini.

Tatizo linalowakwamisha watu hapa ni msukumo. Utando wa RO unataka baa 3 hadi 4, wakati tenki la juu ya paa hutoa baa 0.1 kwa kila mita ya kimo. Tenki lililo mita 6 juu ya chujio linakupa baa 0.6 tu: maji yatachuruzika kidogo kidogo, na mengi yataishia kwenye bomba la taka. Nunua pampu ndogo ya kusukumia ya chujio la RO. Hata ikiwepo, kila lita moja safi hutupa lita 3 au 4; hizo weka kwenye ndoo, zinafaa kufulia na kusafishia choo.

Chumvi ni ile ya akwaria inayouzwa kwa ndoo, gramu 37 hivi kwa lita. Kujaza mara ya kwanza ni kilo 7.4. Chumvi ya jikoni, hata ile ya mawe ya sokoni, ni sodiamu kloridi karibu tupu. Haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa hivyo. Anza na maji kwenye pipa la plastiki, washa pampu, halafu mimina chumvi polepole. Ukianza na chumvi na kuimwagia maji, kalsiamu itaganda na maji yatabaki meupe kama ya chokaa. Acha yazunguke saa 24.

Pima chumvi kwa kifaa kiitwacho refraktomita: unataka 35 kwa elfu, sawa na uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026. Kifaa kisahihishwe kwa kimiminika maalumu cha 35, si kwa maji matamu. Refraktomita iliyosahihishwa kwenye sifuri yaweza kukosea inapofika juu, na wewe utaamini namba isiyo ya kweli kwa miezi.

Je, maji ya bahari ya kuteka? Yanafaa, na ni ya bure, ila yana masharti. Teka maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, mbali na bandari na hoteli. Usiteke wakati wa masika: mvua hupunguza chumvi na kuleta udongo na maji ya vyoo. Yapitishe kwenye chujio la mikroni 5, yahifadhi gizani kwenye pipa lenye pampu kwa wiki mbili, kisha pima chumvi, nitrati na fosfeti kabla ya kuyatumia.

Joto na umeme

Lengo ni nyuzi 25 hadi 27, bila kupanda na kushuka zaidi ya nyuzi moja kwa siku. Kuanzia nyuzi 30 matumbawe mengi huanza kufukuza mwani mdogo unaoishi ndani ya ngozi yao na kuwalisha. Hubaki meupe, kisha hufa njaa. Mwaka 1998, El Niño ilipopandisha joto la Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania ilikufa kwa namna hiyo hiyo. Ndani ya sebule yenye nyuzi 32 za Februari, pampu na taa zikiongeza joto lao, tangi lako linaweza kufika huko mchana mmoja.

Hatua ya kwanza ni feni ndogo mbili zinazopuliza uso wa maji, zikiwashwa na kidhibiti joto kwenye nyuzi 26.5. Hupoza nyuzi 2 au 3 kwa kukausha maji, lakini hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kama ilivyo Pwani, hupoza chini ya hapo. Kama chumba chako hupita nyuzi 31 na hakina kiyoyozi, nunua chila, ile mashine ya kupozea maji, kabla ya kununua tumbawe hata moja. Itoe joto lake nje ya chumba; ukiifungia ndani ya kabati inapasha hewa ile ile inayojaribu kuipoza. Wa Nairobi na Arusha wao watahitaji hita ya wati 200.

Feni hula maji. Tarajia lita 2 hadi 4 kwa siku, na yanayopotea ni maji matamu tu, chumvi inabaki. Usipoongeza kwa wiki moja kwenye upotevu wa lita 3 kwa siku, 35 inakuwa 39. Kwa hiyo jaziliza kila siku, au tumia kijazishi chenye boya, na ujazilize kwa maji ya RO, kamwe si ya chumvi.

Umeme ukikatika, kinachoua ni ukosefu wa hewa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni ya bei ndogo na huokoa samaki usiku kucha. Bora zaidi ni inveta na betri inayoendesha pampu moja ya mkondo. Taa na kichujio cha povu, kile kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa, vinaweza kusubiri. Na kwa kuwa umeme hurudi kwa kishindo, weka kilinda voltiji.

Kuna jambo jingine linalofanyika umeme ukikatika, nalo hufurika sakafuni. Pampu ya tangi la chini, inayopandisha maji, ikisimama, maji ya juu hurudi chini kwa bomba lake hadi pale mdomo wa bomba hilo unapovuta hewa. Kwenye tangi hili kila sentimita ya kimo ni lita 4. Mdomo ukizama sentimita 3, lita 12 zitashuka, na tangi la chini lazima liwe na nafasi hiyo juu ya maji yake ya kawaida. Jaribu kwa kuchomoa plagi kabla ya kuweka kiumbe chochote, uweke alama ya kalamu kwenye mstari salama, na usijaze kupita hapo.

Kusimamisha

1. Osha tangi kwa maji na siki. Sabuni isiguse kitu chochote cha tangi hili, leo wala kesho, na ndoo zake ziwe za kazi hii peke yake.

2. Panga mawe makavu kilo 15 hadi 18 moja kwa moja juu ya kioo, kabla ya mchanga, ili samaki au kamba anayechimba asiyaangushe. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya mawe na kioo cha mbele, na mapango mawili au matatu. Mawe ya matumbawe ya machimbo ya nchi kavu, yale yaliyojengewa Lamu na Mji Mkongwe, yanaweza kutumika, lakini ni mazito, yana vitundu vichache, na mengine hutoa fosfeti. Yaloweke kwenye maji ya RO wiki nzima, kisha pima fosfeti ya maji hayo.

3. Mwaga mchanga wa chokaa wa milimita 1 hadi 2, sentimita 3 kwenda juu. Ni kilo 18 hadi 20. Ukitilia shaka mchanga, udondoshee siki: wa chokaa utatoa mapovu, wa mawe ya kawaida utanyamaza.

4. Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji juu ya sahani. Ukungu utatulia siku moja au mbili.

5. Washa pampu ya kurudisha maji, lita 1,000 kwa saa baada ya kupoteza nguvu kwenye bomba, na pampu mbili za mkondo za lita 3,000 hadi 4,000, kila moja kwenye kona yake, zikielekezwa zigongane katikati. Uso wa maji uchemke kidogo. Hapo ndipo hewa inapoingia.

6. Washa kichujio cha povu kilichotengenezwa kwa tangi la lita 200 hadi 400. Wiki ya kwanza kitatoa maji matupu au kitafurika. Hicho ni kipindi chake cha kuzoea. Usikiguseguse kila saa.

Kukomaza

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ndio wanaofanya maji yawe ya kuishi, na hawaji kwa haraka yako. Weka bakteria wa chupa, kisha amonia kloridi gramu 1.2 hivi kwa lita 200, ifike miligramu 2 kwa lita. Taa zizimwe. Pima kila siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda, nayo itashuka. Tangi limekomaa pale ambapo amonia ya miligramu 2 inaisha pamoja na nitriti ndani ya saa 24. Kwa kawaida ni wiki 3 hadi 6. Kisha badilisha maji nusu ili kushusha nitrati.

Kuanza na samaki "mgumu" ili akomaze tangi ni ukatili usio na faida. Kwenye pH 8.2 na joto la kwetu, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kuliko kwenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Viumbe, na mpangilio wao

Kwanza konokono 8 hadi 10 wa jamii ya Trochus au Turbo, mara mwani wa kahawia unapotanda. Usiokote konokono ufukweni na kumtia tu. Wale wenye gamba la umbo la pia, jamii ya Conus, wapo kwenye miamba yetu na mwiba wao una sumu inayoweza kuua mtu.

Wiki mbili baadaye, jozi moja ya samaki wa anemoni. Pwani ya Afrika Mashariki ina wake, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, na kuna ocellaris waliozalishwa kwenye matangi. Wa tangini hula chakula chochote na hawaji na vimelea vingi, kwa hiyo tunawapendekeza. Anemoni yenyewe ngoja mwaka. Baada ya jozi hiyo ongeza samaki mmoja mmoja, wiki 3 kati yao, na jumla isizidi watano wadogo. Kitatange wengi hula matumbawe. Kikande hula kamba na konokono. Pono huyatafuna matumbawe yenyewe. Kangaja wa buluu anahitaji mbio ndefu kuliko sentimita 90, na akibanwa huugua. Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, hufa njaa kwenye matangi mengi.

Kila samaki akae kwanza wiki 4 hadi 6 kwenye tangi la karantini la lita 50. Mfuko ukifika, uache uelee juu ya maji dakika 20 upate joto moja na tangi. Kama samaki amesafiri saa nyingi, usimtilie maji tone kwa tone kwa saa nzima: mfuko ukifunguliwa hewa ya kaboni hutoka, pH hupanda, na amonia iliyolimbikizana humo inakuwa sumu papo hapo. Andaa tangi la karantini lenye chumvi sawa na ya mfuko, mtoe mara moja, na maji ya mfuko yamwage.

Matumbawe yaanze mwezi wa 3 tangu kusimamisha tangi. Laini kwanza: Sarcophyton, Sinularia, uyoga wa Discosoma, Zoanthus. Euphyllia na wenzake wenye mifupa mwezi wa 6. Acropora baada ya mwaka. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini. Kuvunja matumbawe baharini bila kibali ni kosa Tanzania na Kenya, na matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji hati.

Kila kipande kichovye kwenye dawa ya kuoshea matumbawe, kisha kiweke chini kwenye mchanga na ukipandishe kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3. Taa ya LED yenye buluu nyingi, saa 8 kwa siku, PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani na mimea) 50 hadi 150, inatosha kwa haya yote isipokuwa Acropora. Unaposhika Zoanthus na Palythoa vaa glavu na miwani: baadhi yao wana palitoksini. Jiwe lililoota viumbe hao lisichemshwe kamwe. Mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Kemia kidogo

Shikilia alkalini dKH (kizio chake) 8 hadi 9, na kwa miligramu kwa lita: kalsiamu 400 hadi 440, magnesiamu 1,280 hadi 1,350, nitrati 5 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Nitrati na fosfeti zikiwa sifuri kabisa si sifa. Matumbawe hupauka na aina mbaya ya mwani, dinoflajelati, hushika tangi.

Matumbawe laini hayatumii mengi, na kubadilisha maji kunatosha. Ukiongeza yenye mifupa, alkalini itaanza kushuka. Gramu 6 za sodiamu bikaboneti hupandisha dKH 1 kwenye lita 200, gramu 7.3 za kalsiamu kloridi ya kawaida yenye maji hupandisha kalsiamu miligramu 10 kwa lita. Viyeyushe kwenye vyombo viwili, uvitie kwa kuachana nusu saa, la sivyo vitaungana na kuwa chokaa. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku. Baking powder, ile hamira ya unga ya kuokea keki, ina asidi, na magadi ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi yana floridi na takataka. Vyote viwili havifai.

Kazi za kawaida

Kila siku angalia joto, hesabu samaki, jaziliza. Lisha mara moja, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Kamba mbichi asiye na chumvi, aliyekatwa vipande vidogo na kusuuzwa, ni chakula kizuri. Akiwa wa barafu, maji aliyoyeyukia yamwage, yamejaa fosfeti.

Kila wiki badilisha lita 20 (chumvi gramu 740), joto na chumvi sawa na ya tangi. Kwangua kioo, osha kikombe cha kichujio cha povu, pima alkalini, nitrati na fosfeti. Soksi ya kuchujia haingoji wiki: kila siku 3 au 4. Kila mwezi loweka pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, na badilisha mkaa unaochuja maji ya tangi.

Mambo yakiharibika

Vumbi la kahawia mwezi wa kwanza huisha lenyewe. Mwani mrefu wa kijani maana yake fosfeti: ung'oe kwa mkono, punguza chakula, angalia TDS. Utando mwekundu unaoteleza ni sianobakteria. Uvute kwa mpira na ongeza mkondo pale ulipoota.

Matumbawe yote yakijifunga kwa pamoja, pima chumvi kwanza, kisha joto, kisha alkalini. Moja likijifunga peke yake, tazama jirani yake: Euphyllia hurefusha minyiri usiku na kuchoma kilicho ndani ya sentimita 15.

Kamba na konokono wakifa ghafla wakati maji yanapima vizuri, uliza nani alipuliza dawa ya mbu. Dawa hizo zina pairethroidi, ambazo kidogo tu huua kamba na samaki, na kichujio cha povu huvuta hewa ya chumba na kuichanganya na maji siku nzima. Weka nyavu madirishani. Kama lazima kupuliza, zima kichujio, funika tangi kwa plastiki, acha pampu za mkondo, na fungua madirisha saa kadhaa kabla ya kuwasha tena. Ikiwa imeshaingia: mkaa mwingi mpya na kubadilisha maji nusu, siku hiyo hiyo.

Samaki akionyesha chembe nyeupe kama chumvi mwilini na kujikuna kwenye mawe, ni Cryptocaryon. Chembe zikidondoka usidhani amepona. Kimelea kimeshuka mchangani kuzaana. Dawa ya shaba hukiua, lakini huua pia kamba, konokono na matumbawe, na hubaki kwenye mawe, kwa hiyo haiingii kwenye tangi hili. Hamisha samaki wote kwenye karantini, watibiwe huko kwa shaba huku ukipima kila siku, na tangi kubwa likae siku 76 bila samaki hata mmoja. Kamba, konokono na matumbawe hubaki humo na hawahitaji zaidi ya chakula kidogo mara mbili kwa wiki.